Mstari wa Ouma

Harufu ya risasi inayoyeyuka hunirudisha kibandani kwa baba kabla sijajua nimekwenda. Si risasi ya bunduki, hapana. Ni ile ya mafundi wa redio, waya laini wa rangi ya fedha unaotoa moshi mweupe wa kuwasha macho ukiguswa na chuma cha moto. Changanya moshi huo na vumbi linaloungua juu ya valvu, zile taa ndogo za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani, ongeza unga wa mahindi uliopeperuka kutoka kinu cha jirani na omena kavu, wale dagaa wa ziwani, za soko la Kibuye mjini Kisumu, na hapo utoto wangu wote utakuwa umeupata. Kinu hicho kilinguruma tangu asubuhi hadi jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi, hata wateja wa baba wakazoea kuzungumza kwa kupaaza sauti, naye mwenyewe akazoea kufanya kazi kwa macho kuliko kwa masikio. Fundi wa redio asiyesikia redio! Watu walimtania hivyo, naye alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka kabla ya mwaka ninaotaka kuusimulia.

Ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka tisa, mrefu kuliko umri wangu na mwenye mdomo mrefu zaidi. Mdogo wangu Ouma alikuwa anakaribia miaka minne. Mwaka uliotangulia, kabla hajatimiza mitatu, tulikuwa tumekwenda kwa nyanya huko Seme, mtoto akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Mama alimfunga mgongoni akamkimbiza hospitali ya Kombewa, na huko wakamwokoa. Tulirudi Kisumu tukimshukuru Mungu. Wiki mbili zikapita kabla hatujagundua kwamba akiitwa hageuki. Mama alidhani ni ukaidi. Alimchapa, naam, alimchapa kwa kutogeuka, na mpaka anaingia kaburini alilitaja pigo lile moja kuliko mema yote aliyomtendea yule mtoto.

Daktari mmoja wa mjini alimweleza baba wazi kwamba masikio hayatarudi. Lakini maneno, akasema, mtoto bado anayo machache, na asiyejisikia huyaangusha njiani moja moja kama mtu mwenye mfuko uliotoboka. Mkiyashikilia mpaka afike umri wa kuingia shule ya viziwi, walimu watakuwa na pa kuanzia. Yakipotea yote, kuyarudisha ni kazi kubwa mno. Mama akarudi nyumbani, chumba chetu cha Kaloleni, akayahesabu kwa vidole. Yalikuwa kumi na manne. Kulikuwa na baba na mama, pi ambayo ni maji kwa Dholuo, rech ambayo ni samaki, kulikuwa na kuku na ndizi, na kulikuwa na mimi, Awuor, ambaye alizoea kuniita Auo. Ilipofika Krismasi yalikuwa yamebaki tisa. Basi hilo ndilo lililopiganiwa kwetu mwaka ule wote, maneno tisa ya mtoto mmoja.

Baba hakuwa mtu wa kukaa na kulia. Aliwahi kusomea ufundi Nairobi, na huko aliona mashine iitwayo osiloskopu, ambayo kazi yake ni kuchora umeme kwenye kioo, na kwa kuwa sauti ikipita kwenye waya huwa umeme, basi huchora na sauti. Mashine kama hiyo haikuwa ya watu kama sisi. Lakini mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, alipofunga duka lake na kuhama mji, alikuwa amemwachia baba televisheni mbovu, kabati zima la mbao lenye kioo kilichotuna, na kwa miezi mingi mimi nilikuwa nikiweka vitabu vyangu juu yake. Siku moja baba aliviondoa vitabu, akalifuta vumbi, akamwambia mama, "Kama hasikii sauti yake, ataiona."

Nawaambia kazi ile ilimtoa jasho. Kwanza ni hatari, kwa sababu ndani ya televisheni za namna hiyo umeme hubaki umejificha hata baada ya kuizima, na umeme ukiingia mkono huu ukatokea mkono ule, umepita moyoni. Kwa hiyo kila alipoingiza mkono wa kulia ndani ya kabati, wa kushoto aliutia mfukoni, na mimi na Ouma tulikaa kwenye benchi mikono yetu ya kushoto ikiwa mifukoni vilevile, maana tuliona ndiyo adabu ya mahali pale. Kwenye shingo ya kioo kulikuwa na koili mbili, yaani mizingo ya waya. Moja huuvuta mwanga kulia na kushoto, ya pili juu na chini, na hivyo picha hupakwa. Baba alitaka koili moja ichore mstari mtupu, na ya pili ivutwe na sauti ya Ouma. Akaikata ile ya kulia na kushoto ili aipe sauti, televisheni ikafa. Kioo giza tupu. Alihangaika nayo siku nne, anapima, anakuna kichwa, anaapa polepole kwa Dholuo, mpaka akatambua kwamba umeme mkali wa kioo hauwaki ila koili iwe imeungwa mahali pake. Akatafuta koili ya televisheni nyingine iliyokufa, akaiunga pale kuidanganya mashine, ikawa inaning'inia nyuma kama utumbo wa kuku.

Ikawaka, lakini ikatoa nukta moja tu katikati, kali mno, naye akairukia swichi kabla nukta haijaiunguza rangi ya ndani ya kioo. Waya ulikuwa umechomoka. Akauunga, mstari ukaja, lakini umesimama wima badala ya kulala. Akazigeuza koili shingoni robo mzunguko, mstari ukalala. Akatia sauti, mstari ukatikisika upana wa unywele. Akaleta amplifaya, kile kikuza sauti, ya redio kubwa iliyoachwa na mwenyewe, akaing'oa spika yake, na nyaya zilizokuwa za spika akazipeleka kwenye koili. Spika hakuirudisha. Ya nini? Ouma hasikii, na sisi kinu kingetumezea kila kitu. Tafadhali likumbuke jambo hilo, maana ndilo lililotumaliza: mashine ile ilichora sauti bila kutoa sauti. Kipaza sauti alikitengeneza kwa kichwa cha gramofoni alichokibana kwenye kifuniko cha mkebe wa maziwa, kizito cha kusikia hata kisidake kinu ila mdomo uliokikaribia, na kiungo cha waya nyuma yake akakiacha wazi, maana kila siku alikuwa anakifungua na kukirekebisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na baba aliinama miezi miwili. Hata sami, wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi na kufuata mwanga, waliwahi kuingia ndani jioni moja, tukashinda kesho yake tukiwafagia kwenye valvu kwa unyoya wa kuku.

Siku ilipokamilika baba alisogeza mdomo akasema "Aaa," na mstari uliolala ukaota meno kama msumeno, mengi, yakitetemeka. Aliponyamaza yakalala. Mama alikuwa ameacha biashara yake kwenye vibanda vya samaki kuja kuona, akaziba mdomo kwa kitenge. Ouma alikodoa macho. Kisha baba akamshika kidevu kwa upole, akamwonyesha kipaza sauti, na Ouma akatoa ile sauti yake ya kukwaruza, "Ba-ba," na meno yakaota. Ee, yule mtoto alicheka! Alilikimbiza lile wimbi kwa kiganja chake kwenye kioo kama anakamata panzi. Kwa siku kadhaa alisema kweli. Nilikuwa karibu naye, nilimsikia chini ya ngurumo za kinu, Auo, rech, pi. Nalisema hili ili mjue kwamba sauti ilikuwepo, na mashine ya baba ilifanya kazi yake.

Sasa inabidi nieleze kidole. Fundi wa redio wa zamani, akitaka kujua kama amplifaya i hai, huigusa kwa kidole pale sauti inapoingilia. Mwili wa mtu hudaka umeme wa nyaya za ukutani, na redio ikiwa hai itanguruma vuuum. Baba aligusa hivyo mara ishirini kwa siku. Ouma, ambaye dunia yake yote ilikuwa ya macho, alikuwa ameona kidole kile tangu hajajua kutembea: baba anagusa, baba anaridhika. Basi alasiri moja, baba akiwa mlangoni na mteja, Ouma alikishika kipaza sauti, akafungua mdomo, na kidole chake cha shahada kikaenda nyuma kwenye kile kiungo kilichoachwa wazi. Mstari ukainuka wote. Haukuwa meno ya msumeno, ulikuwa kilima kimoja na bonde moja, laini, kubwa, kutoka ukingo hadi ukingo wa kioo. Sikuwahi kuona kitu kizuri hivyo kwenye mashine ile. Na nilijua ni nini. Mtoto wa fundi wa redio asijue? Ile vuuum nilikuwa nikiisikia tangu nikinyonya. Hii ilikuwa ileile, ila hapa hapakuwa na spika ya kuitoa.

Baba aligeuka akakiona kilima, akamwona mwanawe mdomo wazi. Alimwacha mteja akizungumza peke yake. Alimnyanyua Ouma akamrusha juu hadi karibu na mabati, akicheka, akipaaza sauti ambayo hata kinu hakikuimeza. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Kombewa. Nilifungua mdomo niseme, nikaufumba. Nikajiambia, kesho.

Kesho haikuja. Na nisijipambe: sikunyamaza kwa huruma peke yake. Mimi ndiye niliyepewa kumfundisha Ouma kila siku nikitoka shule, saa nzima, neno baada ya neno, na wenzangu walikuwa wanacheza kati uwanjani, ule mchezo wa kukwepa mpira. Kwa sauti ya koo ilibidi nimbembeleze, nimshikishe shingo yangu na shingo yake, arudie mara kumi. Kwa kidole tulimaliza upesi. Alinyoosha, kilima kikasimama, baba akapunga mkono kutoka mezani kwake, nami nikawa huru. Niliona midomo yake ikiendelea kufunguka na kufumba, ba-ba, re-ch, lakini pumzi ilikuwa haitoki tena. Kwa nini itoke? Koo lilimpa meno madogo, kidole kilimpa mlima, na mlima ndio tuliompigia makofi. Nilikiona kitu kile kikifa mbele yangu, siku baada ya siku, nami nikaenda kucheza.

Mama hakudanganyika haraka hivyo. Nyumbani Kaloleni, ambako hakukuwa na kinu, alilalamika kwamba mtoto hasemi lolote, hata lile neno pi ameacha, sasa anavuta sketi na kuonyesha mtungi. Baba hakukubali. Alisema sauti ya mtoto ni ya chini, masikio yetu sisi yamechoshwa na kelele, na kioo hakidanganyi. Alikuwa mtu aliyekuwa ameishi maisha yake akiamini mita kuliko maneno ya mteja, na mita yake ilikuwa inamwambia kile alichotaka kusikia. Mama naye, maskini, alitaka kuamini. Alianza kuwaambia wenzake kwenye vibanda vya samaki, kisha akatoa ushuhuda kanisani, na wamama wa kanisa wakasema ni lazima waje kuona kazi ya Bwana kwa macho yao. Mchungaji akakubali. Wakapanga kuja kibandani Jumapili, baada ya ibada.

Hakuna aliyefikiria kuhusu kinu. Jumapili kinu hufungwa. Sisi wenyewe hatukuwahi kufungua kibanda siku hiyo. Walikuja watu kama kumi na watano, wamevaa nguo nyeupe, mama akiwa ameandaa chai na mandazi na kuku wawili. Mchungaji aliomba kwa kifupi. Baba akawasha mashine, mstari ukalala kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikakisikia kibanda kile kikiwa kimya. Nilisikia mabati yakilia kwa jua. Nilisikia mtu akimeza mate. Hata wakati ule ningeweza kusema, bado kulikuwa na nafasi ya kusema.

Ouma alisimama mbele ya watu na shati lake lililopigwa pasi. Akakishika kipaza sauti, akafungua mdomo mkubwa, akanyoosha kidole. Kilima kikasimama, laini, kimejaza kioo. Mdomo wake ulisema baba. Ulisema mama. Hakuna sauti iliyotoka. Hata pumzi haikusikika. Watu walikitazama kioo, wakamtazama mtoto, wakatazamana. Mmoja alianza kupiga makofi akaacha. Ndipo mama mmoja mzee wa kanisa akauliza, bila ubaya wowote, "Lakini mbona mimi sisikii kitu?"

Baba alikuwa amesimama nyuma ya mashine, na kutoka kule aliona kidole. Nilimwona akiona. Uso wake haukukasirika, uliporomoka tu. Aliwaambia wageni, kwa adabu, kwamba mashine ina hitilafu kidogo, wanywe chai. Wakanywa upesi wakaondoka, mchungaji akimshika baba bega. Mama aliketi kwenye kreti la soda. Tulipobaki wenyewe baba akanigeukia.

"Ulijua?"

"Ndiyo, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Alichukua utepe mweusi wa umeme, akatia mkono wa kushoto mfukoni kwa mazoea, ingawa pale hapakuwa na hatari yoyote, na kwa mkono uliobaki akakizungushia utepe kile kiungo, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeficha maradhi ya mtu mwingine. Baba akamrudishia Ouma kipaza sauti, akagusa koo lake mwenyewe, akasema "Aaa" kumwonyesha. Ouma akafungua mdomo, akapeleka kidole. Mstari ukalala kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu. Akamtazama baba, akatazama kioo, akabonyeza tena huku midomo ikisema kitu, machozi yanaanza kujaa, na hata kilio chake hakikuwa na sauti. Niliangua kilio mimi. Nikamwomba baba autoe ule utepe, hata kwa leo tu. Akasema hawezi kumdanganya mwanawe. Kisha akageuka akachomoa waya wa mashine ukutani.

Alijaribu tena, msidhani alikata tamaa siku ile. Miezi mitatu mingine alikaa naye kila jioni, lakini Ouma hakutaka hata kukikaribia kile kioo. Neno la mwisho kati ya yale tisa sikumbuki lilikuwa lipi, na wala sikumbuki tena sauti yake ilivyokuwa aliponiita Auo. Nimeitafuta kichwani kwa miaka mingi. Alipofika shule ya viziwi walimpokea bila neno hata moja. Walimfundisha alama za mikono, wakamfundisha useremala, na leo ni fundi wa mashua pale Dunga, ufukoni mwa ziwa, ana mke, ana watoto watatu wanaoongea kwa mikono na kwa midomo pia. Baba alifariki akiwa bado anajilaumu kwa kuacha kiungo wazi. Nilimwambia mara nyingi kosa lilikuwa langu, naye alinijibu kila mara kwamba mimi nilikuwa mtoto.

Siku hizi simu ya mjukuu wangu inachora sauti. Anarekodi ujumbe, mstari unapanda na kushuka kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja, naye anautuma bila hata kuutazama. Ouma angeugua leo, nadhani wangemwanzishia alama za mikono mapema, nasi pamoja naye, na tungemfuata kule alikokuwa. Zamani zile hakuna aliyetuambia. Tulikaa upande wetu tukamwita avuke, na alipopata njia yake ya kuvuka mimi nikaitumia kwenda kucheza kati. Alama zenyewe nilijifunza nikiwa mtu mzima, kutoka kwa binti yake mkubwa, na mpaka leo mikono yangu ina kigugumizi.

Mwaka jana nilimwendea Dunga nikaketi naye juu ya ubao aliokuwa akiuranda, nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba nilijua kidole kile ni uongo, na nikanyamaza, na yeye akaacha kusema kwa sababu yangu. Alinitazama kwa mshangao mpaka nikadhani nimekosea alama. Akaweka randa chini.

"Sikuacha kusema," mikono yake ikasema. "Nyinyi mlifungua midomo, mstari ukatetemeka kidogo. Mimi nikaweka kidole, ukawa mkubwa, Baba akanibeba. Nikajua kusema ni hivyo. Nilisema kila kitu. Nilisema njaa, nilisema Mama, nilisema wewe."

Nikamwuliza, na Jumapili ile, baada ya utepe, alikuwa anasema nini.

"Nilikuwa namwita Baba," akasema. "Hamkunisikia."

Nilitaka kumwambia kwamba tulikuwa tumesimama palepale, hatua mbili kutoka kwake, tukimtazama. Lakini hilo alilijua.